Rekodi ya Mgonjwa

Fundi wa saa alikipokea kile kimchezo cha mkononi kwa mikono miwili, na hapo hapo akaanza kuingiwa na shaka. Shaka si ya kimchezo, jamani. Shaka ya wifi yake aliyekileta.

"Kioo kimefifia, wifi," alisema mjane wa mdogo wake. "Namba hazisomeki. Ila nakuomba, rekodi isifutike. Ni ya marehemu. Nikirudi saa kumi nitakueleza habari yake."

"Nieleze sasa."

"Ione kwanza," akasema wifi, akacheka kidogo, akaenda zake.

Akacheka! Miezi mitatu tangu wamzike mume, na mtu ana meno ya kucheka. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona.

Kimchezo chenyewe alikijua nje ndani. Utotoni mwao mjini kulikuwa na ukumbi wa mashine kubwa za kutia sarafu, zenye kiti na usukani, mtu akikaa anajiona dereva wa mashindano kweli. Yeye na mdogo wake walikatazwa kukanyaga huko, wakanunuliwa hiki cha mkononi. Mchezo ulikuwa uleule, ila umekondeshwa ukabaki mifupa: barabara ya njia tatu, gari moja jeusi, na mlio wa ti-ti-ti. Kidole gumba cha kushoto kinalipeleka gari kushoto, cha kulia kinalipeleka kulia, basi. Kwa kitu hicho ndugu wawili walinuniana miaka mitano. Dada ndiye aliyekuwa bingwa, elfu nane na mia nne. Mdogo mtu hakuwahi kuvuka elfu sita, na wivu ukimzidi alikuwa anachomoa betri makusudi, maana betri ikitoka tu, rekodi kwisha.

Fundi alikiinamisha kioo kwenye mwanga wa dirisha. Ukikishika hivyo unaona vivuli vya magari yote kwa pamoja, na ajali zote zimeshachorwa, zinangoja zamu yao. Pembeni juu, kwa kukodoa macho, akasoma 9,860.

Mdogo wake huyu huyu? Aliipata lini? Mwaka wake wa mwisho wote alikuwa kitandani, kiharusi kimempoozesha mkono wa kulia, hata uji ananyweshwa. Na kabla ya kuugua alimwambia dada yake kwa mdomo wake mwenyewe kwamba bado anasota na elfu sita zake. Kidole kimoja hakivunji chawa, seuze kuendesha gari katikati ya magari. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwenye mikono miwili mizima aliyekaa mle chumbani akijichezea, mgonjwa anahesabu mbao za dari.

Na fundi alidhani anamjua. Kinyozi. Alikuwa anakuja kila asubuhi kumnyoa mgonjwa, eti. Ndevu gani hizo za kunyolewa kila siku? Mara mbili fundi alimkuta amevua viatu, amekaa kitako kama mwenye nyumba. Tena kila yeye fundi alipobisha hodi, wifi alisukumia kitu chini ya mto upesi upesi, na wote mle ndani wakawa na nyuso za watu waliokatishwa kicheko. Wakati ule alijiambia ni mawazo yake tu. Leo akajiona mjinga. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Uchungu ulimpanda. Maana baada ya mdogo wake hakuwa na mwingine wa kumwita wake duniani ila wifi huyu. Walikuwa wameshakubaliana ahamie kwake mwisho wa mwezi. Chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi, kitanda kimeshafungwa. Sasa amwingize nani nyumbani, hawara wa kinyozi?

Kusafisha kioo si kazi. Unafungua mgongo, unapangusa kwa spiriti ule mpira mwembamba unaopeleka umeme kwenye kioo, unafunga. Lakini mgongo haufunguki betri zikiwemo. Mwenye kujua huunganisha kwanza betri nyingine kwa nyaya mbili, ndipo achomoe zile za ndani, na kumbukumbu haipotei. Fundi alijua. Nyaya zilikuwa mbele yake mezani. Alizitazama, akazisogeza kando, akachomoa betri kavu kavu. Akajisikia raha, na mimi siwezi kumsingizia kwamba hakujisikia.

Saa kumi wifi akarudi.

"Kinyozi hajambo?" fundi akamuuliza kabla hajakaa.

"Hajambo. Masikini, amemlilia mwenzake kuliko ndugu." Wifi alikuwa ameshawasha kimchezo. Tabasamu likaganda. "Wifi, hapa naona sifuri."

"Mkono wa kulia ulikuwa umekufa," fundi akasema. "Nani alikuwa anacheza humu?"

Wifi alimtazama kwanza, halafu akainua kidole gumba chake cha kulia.

"Mimi. Yeye kushoto, mimi kulia. Tulilala bega kwa bega tukakishika wote wawili. Mwezi mzima hatukufika hata mia tano, akawa ananitukana, ananiambia kiwete ni wewe." Alizungumza polepole. "Kinyozi ndiye aliyekuwa shahidi wetu, anatuhesabia magari. Mdogo wako alitaka kukupita wewe, wifi. Kila ukibisha hodi tunaficha, kwa sababu alitaka aivuke elfu nane na mia nne yako kwanza, ndipo akuoneshe. Aliivuka siku nne kabla ya kufa."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Akaniambia kioo kikifa nisikipeleke kwa fundi mwingine yeyote. Akasema, dada peke yake ndiye anayejua kuzibadilisha betri bila kufuta, kwa nyaya mbili." Wifi aligeukia mezani, akaziona nyaya mbili na betri ya kuunganishia, hazijaguswa. "Zilikukatalia?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Vitu vya zamani hufa mikononi mwa mafundi kila siku.

"Hapana," akasema fundi. "Sikuziunganisha. Nilidhani ni ya kinyozi."

Ilimchukua wifi muda kuelewa, na alipoelewa fundi aliuona uso ule ukijifunga. Alikizima kimchezo, akakifunga kwenye leso, akakiweka mkobani. Akasimama, akanyoosha gauni.

"Asante, fundi," akasema, kama wasemavyo wateja wote, akatoka.