Chai ya Wageni

Mtoto alitema tena. Kristiana akamfuta kidevu kwa ncha ya kanga, akachota uji mwingine kwa kidole. Ulikuwa uji wa ulezi, ameuchuja mpaka ukabaki maji ya kahawia, lakini tumbo la Ignasi halikuutaka. Baridi ya Juni ilipita kwenye fito za ukuta. Nyumba ile waliisimamisha vijana wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, wakasema watarudi kuikandika. Hawakurudi.

Mama yake Ignasi, Agnesi, binti wa pekee wa Kristiana, alikufa akijifungua. Baba alikuwa amekwenda mashamba ya mkonge na habari zake hazikusikika tena. Jirani yao mama Clemens alimnyonyesha mtoto pamoja na wa kwake, mpaka maziwa yakamkauka.

Na maziwa pale kijijini yalikuwepo. Kila asubuhi Kristiana aliyasikia yakiingia ndooni, churuchuru, kwenye zizi ng'ambo ya uwanja wa mikutano. Ng'ombe mwenyewe alimjua. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika alikuwa wake.

Alimtoa kwa hiari. Walipohamishwa makwao, wakaacha nyuma matuta yao ya mviringo, ntumba, ambayo nyasi zilikwisha kuoza ndani, yanangoja mbegu tu, Tadei alitangaza kwamba ng'ombe wote watakaa zizi moja. Tadei alikuwa mwenyekiti wa kijiji, tena mdogo wa marehemu mume wa Kristiana. Kila mtu akatazama miguu yake. Mkutano ulipovunjika Tadei akamfuata Kristiana.

"Shemeji, anza wewe. Wakiona mjane ametoa, wanaume wataona haya."

"Na mimi nibaki na nini?"

"Na kijiji kizima! Agnesi si ana mimba? Huyo atakayezaliwa ni wa kwetu sote. Hatalala njaa mimi nikiwa hai."

Kesho yake Kristiana akamswaga ng'ombe wake mpaka zizini mbele ya watu. Wanaume wakaona haya kweli.

Halafu wakaja wageni kutoka mjini kutazama kijiji. Ignasi wakati ule alikuwa amenona kwa titi la mama Clemens. Tadei akamwambia Kristiana asimame naye mbele ya wageni aseme, naye akasema, na wala hakuambiwa maneno, aliyatoa moyoni: "Huyu mama yake amekufa, lakini si yatima. Mama yake ni kijiji." Walimpigia makofi mpaka mtoto akashtuka akalia. Wageni wakacheka, wakanywa chai.

Sasa titi lilikuwa limekauka. Kristiana akamfunga Ignasi mgongoni, akaenda kwa Tadei.

"Kikombe kimoja, shemeji. Cha asubuhi tu."

"Yale ni maziwa ya kijiji."

"Na mtoto si wa kijiji?"

Tadei akacheka. "Ulimi wako huo! Nikikupa wewe, kesho nitapanga foleni ya wajukuu hapa mlangoni. Kamati imepanga: maziwa ni ya wageni, yanayobaki yanauzwa mjini kwa ajili ya mradi. Wewe nenda ofisi ya ustawi wa jamii. Wanayo maziwa ya makopo ya yatima. Mtaje mwenyekiti wako."

Kesho yake Kristiana akaondoka kabla jua halijapata nguvu, akapita Izia, pembezoni mwa mji, wenye mashamba wakirudi kula mchana, akaingia Sumbawanga vumbi limempanda mpaka magotini. Ofisini tarishi, mzee Hamidi, alimtazama mtoto, akainua nguo kidogo, akairudisha.

"Keti, dada yangu. Huyu si wa kungoja. Nitakuingiza."

Makopo yalikuwa mle ndani, yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari. Nyuma ya meza alikaa kijana mwenye suti ya mikono mifupi.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Aa, mama, hapa hakuna bwana. Sema ndugu." Kisha uso ukamchangamka. "Lakini mimi nakujua! Wewe si yule mama wa kijiji cha mwenyekiti Tadei? Uliyesema mama yake ni kijiji?"

"Ndiye mimi, ndugu."

"Maneno yako nimeyasema mpaka mkoani! Karibu, karibu. Mnasemaje huko?"

Kristiana akamshusha mtoto, akamweka mezani. Hakuona njia nyingine ya kueleza. Ndugu Flavian, maana ndilo jina lake, alisogeza kiti nyuma.

"Anaumwa?"

"Ana njaa. Naomba maziwa ya yatima."

"Mama, nilikunywa chai kwenu. Ilikuwa na maziwa mazito, sijaona mengine kama yale. Leo unaniambia kijiji hakina maziwa?"

"Yapo. Hatupewi."

"Nani hakupi?"

Angemtajaje? Ni shemeji yake, na Tadei ndiye aliyelichimba kaburi la mume wake.

"Unaona," Flavian akasema, sasa kwa sauti ya upole. "Makopo haya ni ya vijiji vyenye yatima. Kwenu tumeshasema hakuna hata mmoja, na ni wewe uliyetuambia. Nikikupa, nitakuwa namwita mwenyekiti mwongo, nakuita wewe mwongo, na mkoa nao nitakuwa nimeudanganya. Rudi. Mwenyekiti akija mwenyewe akasema ana yatima, nitampa leo hiyohiyo."

Mzee Hamidi alimsindikiza mpaka barabarani. Akampa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akageuka haraka.

Habari zilimtangulia kijijini kwa lori la Muhidin, mfanyabiashara wa mjini. Tadei alikuwa amekaa kizingitini kwake akimngoja.

"Umekwenda kunivua nguo mjini?"

"Ulinituma wewe."

"Nilikutuma ukaombe, sikukutuma ukaseme hatukupi! Jumamosi wageni wanaleta mashine ya kusaga. Kijiji kisicho na yatima wala ombaomba, ndicho kinachopewa. Unataka warudi nayo?"

"Waambie tu kwamba nina yatima. Mmoja."

"Hakuna mmoja, shemeji. Ama tunao, ama hatuna."

Mama Clemens alikuja asubuhi, akakaa, akamchukua Ignasi mapajani. Alimpa titi lake kavu, mtoto akavuta, akaliacha. Kisha akamwonyesha Kristiana viganja vyake, vimekakamaa kwa jiwe la kusagia.

"Nimekunyonyeshea, dada, hunidai. Usituharibie mashine."

Jumamosi wakamweka Kristiana kwenye chai. Tadei ndiye aliyempanga, ili awe karibu akiitwa. Mashine ilikuwa juu ya lori, imefunikwa turubai, na wanawake wameizunguka wakiimba. Ndugu Flavian alikaa mstari wa mbele. Kristiana alipita na birika kubwa la bati, anainama kwa kila mgeni, anamimina. Chai ilikuwa nyeupe, yenye utando wa mafuta juu.

"Na sasa," Tadei akasema, "yule mama yetu mnayemjua. Simama, shemeji. Waambie wageni."

Uimbaji ukakatika. Kristiana akanyooka, birika mkononi. Mama Clemens alikuwa anamtazama, wanawake wote walikuwa wanamtazama. Mvuke ulipanda kutoka kwenye mdomo wa birika ukampita begani, na mgongoni Ignasi, ambaye tangu jana hakuwa amelia, aligeuza kichwa kuufuata, akafungua kinywa, akaanza kunyonya fundo la kanga.

"Waambie," Tadei akasema, na watu wakaanza kupiga makofi.