Bakuli la Mzazi

Mtoto wa Kokushubila alikuwa na siku tisa tu, na tayari alikuwa ameijua njaa. Alinyonya, akaachia, akalia kwa sauti ndogo kama paka aliyefungiwa stoo. Bi Mastura, mkunga aliyekuja kwa basi kutoka Kahororo, alimpima kwa viganja vyake viwili, kisha akamgeukia mama.

"Mwanangu, unakula nini?"

"Ndizi za ebitoke, Bi. Na maharage. Na uji."

"Mayai?"

Kokushubila alitazama mlangoni. Hapo alikuwa ameketi mama mkwe wake, Georgina, akichambua maharage. Vidole vyake vilisimama.

"Mayai kwetu wanakula wanaume," Georgina alisema bila kugeuka. "Mwanamke akila yai amekula uzazi wake. Mimi sijala, mama yangu hakula, na tumezaa."

"Na senene, hao panzi wenu, je? Mnawakamata nyinyi, mnawachambua nyinyi, mnawakaanga nyinyi. Wanakula wanaume tu?"

"Sisi tunakula harufu," Georgina alijibu.

Bi Mastura alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Lakini alipoaga alimshika Kokushubila mkono na hakuwa akicheka tena. "Nitarudi Ijumaa ya pili kutoka leo. Nikimkuta hajaongezeka, tutapanda naye basi twende hospitali Bukoba. Chakula chako ndicho chakula chake."

Kokushubila hakutaka basi wala hospitali. Alitaka yai. Aliona haya hata kuliwaza, maana pale nyumbani palikuwa na kuku kumi na mmoja, wote wa Georgina, na Georgina alilijua kila yai na mama yake.

Mumewe, Protase, angeweza kumtetea, lakini siku hizo Protase alikuwa amezama kwenye udongo. Alikuwa msaidizi kwenye tanuri la vigae pale misheni, chini ya Mtaliano mmoja aliyeitwa Sinyori Otavio. Otavio alikuwa mateka wa vita vya pili vya dunia. Vita vyenyewe vilikwisha mwaka uliopita, ila meli ya kumrudisha kwao ilikuwa bado haijapatikana, basi akawekwa Muleba achome vigae vya kanisa. Kwao ni mji wa Faenza, ambako watu wamefinyanga na kuchoma udongo tangu enzi za mababu wa mababu.

Wanaume wengine walirudi nyumbani jioni na samaki. Protase alirudi na maneno. Leo terakota, udongo uliochomwa ukabaki mwekundu bila pambo. Kesho biskoto, chombo kilichochomwa mara ya kwanza kikingojea rangi. Siku aliyoleta neno maiolika hakulala. Otavio alikuwa ametafuta madini ya bati kutoka machimbo ya Karagwe, akayasaga, akayachanganya na madini ya risasi yaliyofungwa kwenye nyavu za wavuvi, na chombo, maiolika yenyewe, kikatoka motoni kimevaa weupe unaong'aa kama jino la mtoto.

"Chungu ni chungu," Georgina alimwambia mwanawe. "Siku Mungu akikuuliza ulijifunza nini duniani, utamjibu biskoto?"

Jumapili mchana Protase aliingia mbio, amebeba kitu kilichofungwa kwenye gunia. Alikifungua, akakiweka juu ya meza. Kilikuwa cheupe, kimezungushiwa majani ya bluu, kipana chini na chembamba juu, na kileleni kina kirungu kidogo.

"Tumekitengeneza sisi, Sinyori na mimi. Asikiguse mtu mpaka tuje wenyewe Alhamisi. Tanuri limewashwa, nitalala huko huko mpaka lipoe." Akatoka mbio kama alivyoingia.

Georgina alikizunguka chombo mara tatu. Kimetoka misheni. Cheupe kama hostia ya komunyo, bluu kama joho la Bikira Maria, na kuguswa ni marufuku.

"Mkamwana," alinong'ona, "humo mna mfupa wa mtakatifu."

Kufika jioni chombo kilikuwa chini ya picha ya Bikira Maria, mshumaa unawaka kando yake, na Georgina amepiga magoti juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, rozari mkononi. Jumatatu majirani walisikia, wakaja. Mzee Byabato alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mbele ya mkoloni. Siku nne Georgina alimwomba mtakatifu wa kwenye chombo amletee mjukuu wake maziwa. Kokushubila alipiga magoti nyuma yake na mtoto kifuani. Alijitahidi kumwaza mtakatifu, lakini kila alipofumba macho aliona yai, limemenywa, lina chumvi juu.

Alhamisi Otavio alifika na Protase. Alikuwa mtu mfupi mwenye kipara, na udongo uliokauka kwenye kucha. Georgina alimpa emwani, buni za kahawa za kutafuna, kama mgeni wa heshima. Aliposogea ndani, Otavio aliuona mshumaa.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna. Tunamwomba mtakatifu aliyemo humo."

Otavio alimtazama Protase. Protase alizitazama nyasi. Kwa Kiswahili chake alichojifunzia kambini Tabora, Otavio alianza kueleza polepole, kama mtu anayebeba kitu kisije kikavunjika.

"Kwetu, zamani sana, mwanamke akijifungua, mume anampelekea hiki. Jina lake impaliata. Maana yake, mwanamke aliyelazwa kwenye majani makavu." Akapapasa nyasi za sakafuni. "Hivi hivi."

"Kumbe na nyinyi mnatandika?" Georgina aliuliza.

"Bibi zetu walitandika."

Kisha akaanza kukifungua, na Georgina akafanya ishara ya msalaba. Chombo kimoja kikawa vinne. Kile chenye kirungu kilikuwa saliera, cha kuwekea chumvi. Chini yake kikombe kidogo chenye kishimo. Chini yake sahani iliyofunikwa, ya kuwekea mkate, "au ndizi," alisema Otavio. Na chini kabisa bakuli la supu. Ndani ya bakuli Protase alikuwa amechora mgomba, kitanda, na mwanamke mwenye mikono minene akimwogesha mtoto.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Mawe, mama yangu."

"Mikono yangu ni minene hivi?"

"Ndiyo iliyomshika mwanangu kwanza."

Georgina alipitisha kidole kwenye ile mikono ya kuchorwa. Halafu akakiokota kile kikombe. "Na kishimo hiki ni cha nini?"

Protase alikohoa. Kokushubila alimkumbatia mtoto.

"Cha yai," alisema Otavio. "La mzazi."

Mshumaa ulitoa cheche moja, kisha mtoto akalia.

"Siku nne," Georgina alisema, "nimepigia magoti kikombe cha yai." Akamgeukia Kokushubila. "Mkamwana, mimi niliomba nini?"

"Maziwa, Mawe."

"Niliomba maziwa, nikaonyeshwa kishimo cha yai. Nikikataa sasa, Jumamosi nitaungama nini kwa padri?"

Akauzima mshumaa kwa vidole, akatoka. Huko nje kuku mmoja alipiga kelele za mtu aliyedhulumiwa. Georgina alirudi na yai kiganjani.

"La yule mweusi," alisema. "Huyo hana maneno kwa majirani."

Kokushubila alilila pale pale lilipochemka, na chumvi ya kwenye saliera, wote wakimtazama mdomoni. Kesho yake akala jingine, na kila siku jingine. Ijumaa ya Bi Mastura ilipofika, mtoto alimwagika kwenye viganja vya mkunga kwa uzito, akacheua maziwa juu ya ushungi wake.

"Basi litaondoka bila nyinyi," alisema Bi Mastura, akijifuta kwa furaha.

Siku iliyofuata Kokushubila alitoa nyasi kuukuu sakafuni atandike mpya. Kwenye pembe anakokaa Georgina jioni, mkono wake uligusa kitu kikavu. Maganda ya mayai, ya zamani kuliko mtoto, yamefukiwa vizuri, na chembe za chumvi juu yake. Alisikiliza. Nje, mama mkwe alikuwa akimbembeleza mjukuu.

"Umekuta nini huko, mbona kimya?" Georgina aliita.

Kokushubila alitandika nyasi mbichi juu ya maganda, akazisawazisha kwa kiganja.

"Harufu tu, Mawe."