Pasi Juu ya Sakafu ya Gereji

Sakafu ya gereji yetu niliitengeneza mimi. Ukimuuliza mzee wangu atakwambia ni yeye, na fundi naye ana yake ya kusema, lakini wapuuze wote wawili. Mimi ndiye niliyekalia ndoo iliyopinduliwa tangu mwanzo hadi mwisho, nikinyoosha kidole na kusema, "Hapo bado." Basi, tuseme niliisimamia. Na nusu ya usimamizi wenyewe nilikuwa nasinzia.

Gereji hiyo haina gari. Gari tuliliuza zamani, macho ya mzee yalipoanza kuona mbuzi kila penye jiwe. Tangu hapo ikawa mahali pa kutupia vitu ambavyo hakuna anayevitaka na hakuna mwenye moyo wa kuvitupa. Chini palitandikwa kapeti lililooza. Chini ya kapeti kulikuwa na vigae vya plastiki, na chini ya vigae gundi nyeusi iliyong'ang'ania kama kupe.

Aliyetuingiza humo ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Ni mshonaji, na mikono yake ukiipa pazia itakurudishia gauni. Mwanangu anafanya kazi mbali, kwa hiyo mkwe na mtoto wao tunakaa nao sisi. Chumba alichokodi kushonea kikauzwa, mwenye nyumba mpya akataka watu watoke. Dada yake akampigia simu kwamba dukani kwake kuna nafasi, huko mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Mkwe alitueleza jioni, kwa adabu, huku akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Asipopata pa kuweka vyerehani vyake hapa, atakwenda, na mtoto atakwenda naye. Dada anataka jibu Jumamosi.

Nikamtazama mjukuu wangu. Wakati huo alikuwa anamlisha babu yake kijiko kitupu, na babu anatafuna.

Nikasema gereji si ipo. Mkwe akatabasamu kwa huruma, kama mtu aliyepewa zawadi isiyomtosha. Akasema sakafu ile, kitambaa cheupe kikidondoka mara moja tu, mteja atakikana. Hakukosea. Mzee akafuta mdomo, akasema mtu mzima hazuiwi, anayetaka kwenda na aende, kisha akaenda kulala. Nilichukia hadi nikajifunika shuka lote peke yangu.

Asubuhi upande wake ulikuwa mtupu. Nikasikia ko, ko, ko kutoka gerejini. Nilimkuta amepiga magoti, patasi mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, kapeti lote amekwisha kulisukuma uani. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaandaa mahali pa gari. Nikamuuliza gari gani. Akasema gari litakalokuja. Sikumbishia. Mwanamume akishaanza kazi usimuulize sababu, atakumbuka kupumzika.

Ila vigae vilimtesa. Kila akigonga, kinabanduka kipande cha ukubwa wa ukucha. Hadi jua linapanda alikuwa amesafisha eneo la kulaza paka, tena paka mwembamba. Nikainuka kwenye ndoo yangu, nikaenda kuchukua pasi. Nilitandika shati lake kuukuu juu ya kigae, nikapitisha pasi ya moto taratibu, nikahesabu pumzi zangu. Joto likaingia chini, gundi ikalegea, mzee akachomeka patasi ubavuni na kigae kikanyanyuka kizima kama kifuniko cha sufuria. Akanitazama. Nikajifanya naangalia dari.

Tukaendelea hivyo, mimi napiga pasi, yeye anabandua. Jirani yetu wa ukuta wa pili alipita, akachungulia, akarudi nyuma kuchungulia tena.

"Shoga," akasema, "unaipigia pasi sakafu?"

"Ina mwaliko," nikamjibu. "Nataka itoke imenyooka."

Hakucheka. Mchana huo wanawake wa mtaa mzima walipungukiwa na chumvi, na wote walikuja kuiazima kwangu, mmoja mmoja, kupitia gerejini. Kila aliyeingia aliniuliza kwa upole kama ninalala vizuri.

Mkwe alipokuja na chai, alisimama mlangoni. Pasi ilikuwa yake, ile nzito ya kazi. Nilitegemea aniambie neno. Aliweka chai chini, akainama, akanionyesha namna ya kuishika ili kifundo kisiniume, kisha akaondoka haraka. Sikujua kama amekwenda kucheka au kulia. Mzee akasema ni vumbi tu limemwingia. Nikamuuliza vumbi gani, maana yeye mwenyewe alikuwa anapangusa macho.

Vigae vilipokwisha, tukamwita fundi sakafu, mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache, aliyevaa mabuti hata siku ya joto. Alimwagia maji ile gundi ili vumbi lisipande, akaja na mashine yake ya kusaga, nyumba ikatetemeka hadi vikombe vikahama kabatini. Palipovuja mafuta ya gari alipasugua kwa sabuni na brashi ngumu, akapaacha pakauke, akamwaga tone la maji. Maji yakinywewa, akasema, rangi itashika. Yakikaa juu kama shanga, bado kuna mafuta. Mzee akageuka mtaalamu hapo hapo. Akazunguka gereji nzima na kikombe akidondosha matone, akimwambia fundi, "Hapa imekunywa. Hapa imekunywa. Hapa inafikiria." Nyufa zikazibwa kwa saruji. Halafu ikaja rangi yenyewe, ya kijivu, makopo mawili yanayochanganywa: moja rangi, moja dawa ya kuikazia.

Fundi alipaka akianzia ukuta wa nyuma, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Alipomaliza, aliegemeza ubao mlangoni na kutukusanya kama watoto.

"Rangi hii haina mzaha," akasema. "Mtu asiingie mpaka nirudi Jumamosi asubuhi. Ikikanyagwa ovyo nitaisaga yote upya, na wiki ijayo mimi nina kazi kwingine."

Mkwe aliniangalia. Hakuhitaji kunikumbusha Jumamosi ni siku gani. Mzee akaitikia kwa sauti kuliko wote, akasema atakayeingia humo atakutana naye yeye.

Jumamosi tukajipanga mlangoni. Mkwe alikuwa na simu mkononi, mtoto kiunoni. Dada yake alikuwa amekwisha kupiga mara moja, naye akamwambia subiri kidogo. Mzee alikuja wa mwisho, peku. Nikamuuliza kandambili zake ziko wapi. Akasema ameziosha, ameziacha juani. Nimeishi na mtu huyu tangu nina kiuno, sijawahi kumwona akiosha kandambili.

Fundi akauliza kama kuna aliyeingia. Nikasema hapana, mkwe akasema hapana. Mzee akasema hapana kabisa, akaongeza kwamba alisikia paka.

Ubao ukaondolewa. Sakafu ilikuwa imetulia kama maji kwenye beseni, safi, inang'aa, hata ukuta uliona aibu. Na kule mbele ya dirisha, zimelingana vizuri, vidole vinatazama mwanga, zilisimama kandambili mbili. Kutoka hapo hadi mlangoni kulikuwa na alama hafifu za mtu aliyerudi kwa ncha za vidole.

Fundi aliingia, akajaribu kuivuta moja. Haikuja. Akachuchumaa, akapapasa sakafu kila upande kwa kiganja. Kisha akasema kote kumekauka, kumekaza. Ni dirishani tu na hivyo vidoa, na rangi iliyobaki inatosha. Atapaziba kabla ya chakula cha mchana.

Mkwe hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa anatazama ukuta chini ya dirisha. Palichorwa alama mbili za penseli, na kati ya alama ile na hii ni upana wa meza ya cherehani, wala si upana wa gari lolote ninalolijua. Akaingia, akazipima kwa kiganja chake, kimoja, cha pili, cha tatu, hadi akafika alama ya mwisho. Mwanga wa dirisha ulimwangukia mikononi, pale pale ambapo sindano ingekuwa.

Akapiga simu. "Dada, nashukuru, lakini mpe mwingine hiyo nafasi," akasema. "Nimeshawekewa meza dirishani." Akakata, akageuka.

"Baba, kandambili hizi ni za nani?"

"Za fundi," akasema mzee.

Fundi alinyanyua buti lake moja, akalishusha.

"Basi naomba unyanyue mguu, baba, tuone unyayo."

"Leo siwezi. Goti linauma."

Mtoto akateremka kiunoni kwa mama yake, akamfuata babu, akamgonga kwenye goti hilo hilo linalouma. "Babu, nyanyua."

Mzee hajawahi kumnyima kitu mtoto huyo. Akashika ukuta, akanyanyua mguu, na vidole vyote, kuanzia kile kidogo hadi kidole gumba, vilikuwa vya kijivu.