Hodi ya Kwenye Filamu

1.

Habari hii hakuna aijuaye kunizidi mimi. Filamu yenyewe sikuiona, nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa Bi Tausi nasugua sufuria, lakini masikio yangu bado mazima.

Moja.

Lile la kulia.

2.

SIMU, ASUBUHI

"Mama, mtu mzima kuishi peke yako si vizuri."

"Zakia, anayeishi peke yake ndiye mtu mzima. Wengine wanalelewa."

"Nina safari ya Tanga, nitapita hapo Muheza nikuone. Nikikukuta una woga, hata wa panya, unafunga mizigo tunaondoka wote, unahamia kwangu Dodoma."

Bi Tausi akaitazama sebule yake. Jiko lake. Mlango wake, ambao anaufunga akitaka na kuufungua akipenda.

"Mimi siogopi kitu," akasema.

3.

TAHADHARI
(kwenye kava la DVD, jirani yake Bi Nambua akaisoma kwa sauti ya karani)

Filamu hii inahusu uvamizi wa nyumba. Haishauriwi kutazamwa na watoto, wajawazito na wenye presha. Mwenye duka hatawajibika kwa

"Kwa nini?"

"Karatasi imechanika, shoga. Weka tu."

4.

Majambazi watatu, soksi usoni, wanaizunguka nyumba. Mzungu wa kike yuko bafuni anaimba. Mtafsiri, mmoja wa hawa wanaomwaga Kiswahili juu ya picha, anawasemea wote kwa koo moja: jambazi, mwenye nyumba, mbwa.

Jambazi mkubwa anafika mlangoni. Mtafsiri naye kalelewa vizuri, hawezi kumwingiza mtu kwa watu kimya kimya.

"Hodi."

"Karibu," akajibu Bi Tausi.

Mlango ukavunjwa.

"Umewakaribisha wewe," akasema Bi Nambua, huku anatafuna karanga.

5.

MAONI YA MTAZAMAJI

Damu: ipo.
Mapenzi: kiduchu.
Funzo: usiimbe bafuni.
Burudani: kubwa mno. Kuogopa huku umekunja miguu kwenye kochi la mwenzio, rimoti mkononi, ni raha tupu. Nimemaliza karanga zake. Naenda kwangu.

6.

Alasiri. Jua kali, kuku wanaparura uani. Bi Tausi akafunga mlango, akausukumia kochi. Si woga. Kochi lilikuwa limekaa vibaya.

Kisha

"Hodi."

Ulimi wake, ambao umejibu hodi tangu utotoni bila kumwomba ruhusa, safari hii

"Hodi hapa."

Kutoka ndani ikajibu sauti nene, ya mwanamume mwenye mafua.

"Mwenye nyumba hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Kasafiri. Kaenda Dodoma."

"Dodoma kwa nani?"

"Kwa binti yake."

Nje, mkoba ukawekwa chini taratibu.

"Binti yake ni mimi."

Kuku wakaparura. Kochi likalia kidogo.

"Basi," ikasema ile sauti, imeshaanza kuwa nyembamba, "mmepishana njiani."