Vyumba vya Vitorin

Vitorin alikuwa sebuleni akimenya maharage mabichi pale mzinga wa kutangazia saa sita mchana ulipolia bandarini. Mtaa mzima wa Valletta ukafunga madirisha na kujilaza, kama kawaida ya mchana wa kiangazi. Alipoinuka kwenda kutazama sufuria, jiko halikuwepo. Palikuwa na ukuta mweupe, na harufu ya kitunguu.

Alilikuta upande wa pili wa ngazi, kwenye nyumba inayopangishwa watalii. Mlango ulikuwa wazi, na mwanamume mwenye kaptula alikuwa akikoroga supu ya Vitorin kwa mwiko wa Vitorin.

Alirudi kumwarifu mumewe. "Wistin, jiko limehamia kwa wageni."

"Kama lilivyohama la jirani zetu kina Salvu," alisema Wistin. Tangu apate kiharusi, hakutoka kitandani. "Na supu je?"

"Wanaila."

"Basi watajua kwamba huweki chumvi."

Baada ya jiko, liliondoka bafu, na wakawa wanatumia ndoo. Kisha ikaondoka sebule pamoja na picha za harusi. Vyumba viliondoka mchana tu, watu wakiwa wamelala. Kikabaki chumba cha kulala, na roshani ya mbao inayoning'inia juu ya barabara. Vitorin akaacha kulala mchana. Mzinga ukilia, alikaa na kushika mguu wa kitanda.

Alimwendea Redent, mpwa wa mwenye nyumba, akamkuta ngazini akipandisha taulo safi za wageni.

"Redent, mwanangu, nirudishie hata bafu."

"Mimi sivihamishi, mama. Vinafuata wageni vyenyewe. Mimi nabadilisha mashuka tu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomtisha Vitorin.

Nazju, kinyozi mstaafu wa ghorofa ya chini, alikuwa akija kila asubuhi kumnyoa Wistin na kumgeuza ubavu. Hakuwahi kubisha hodi. Ufunguo ulikaa mlangoni, upande wa nje, kama kwenye milango yote ya mtaa ule tangu enzi za bibi zao. Kuuchomoa kulikuwa ni kuwaambia majirani kwamba huwataki tena.

"Mama Vitorin, chomoa huo ufunguo," alisema Nazju, wembe mkononi. "Vyumba havipenyi ukutani. Vinatoka mlangoni, kama watu."

"Na wewe utaingiaje?"

"Nitabisha."

Wistin alicheka mpaka akakohoa. "Nazju abishe mlangoni kwangu! Bora nife."

"Utakufa wageni wakikupiga picha, mzee. Tulia, nisije nikakukata sikio."

Vitorin aliuchomoa siku hiyohiyo, akautia kwenye mfuko wa aproni. Asubuhi iliyofuata Nazju alibisha hodi. Wistin akageuza uso ukutani na hakukubali kunyolewa.

"Ni kwa ajili yako," Vitorin alimwambia Wistin, Nazju alipokwisha kuondoka. "Nikikukosa wewe, nabaki na nini?"

"Roshani," alisema Wistin. Kisha akamshika mkono, akaanza kusinzia.

Mzinga ulilia. Madirisha ya mtaa yakafungwa moja baada ya jingine. Vitorin alikaa kitandani, akaukazia mlango macho. Ndipo akausikia ufunguo ukijizungusha ndani ya mfuko wa aproni, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Mlango ukafunguka. Alikumbatia mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili, lakini sakafu ilikwisha kuanza kuteleza, na kabati, na taa, na Wistin akikoroma. Kilipita chumba kizima bila kugusa kizingiti. Vitorin akajikuta amepiga magoti kwenye roshani, mikono imekumbatia hewa.

Alitoka kwa mlango uliobaki wazi, akavuka ngazi, akabonyeza kengele ya wageni. Msichana aliyejifunga taulo kichwani alifungua kidogo.

"Mume wangu yuko humo," alisema Vitorin.

"Ndiyo, amelala. Ni mpole sana." Msichana alishusha sauti. "Samahani, mama, sisi tumepanga hapa mpaka Jumapili. Na baada yetu nadhani wanakuja wengine."

"Anameza dawa akishakula. Na ageuzwe ubavu, asitoke vidonda."

"Tumeambiwa. Imeandikwa kwenye maelekezo ya nyumba, pamoja na ya mashine ya kufulia."

Kutoka ndani, sauti ya Wistin iliita, nzito ya usingizi. "Vitorin? Nani huyo anayebisha?"

Vitorin alifungua kinywa. Msichana alimtabasamulia kwa upole, akaurudisha mlango.

"Hakuna mtu, babu," alisikika akisema. "Lala."

Vitorin alibaki amesimama pale, kiganja juu ya mlango, mpaka taa ya ngazi ilipojizima yenyewe.