Harusi ya Mgongo wa Kukodi

Kalisti, mpiga picha wa Kawajense, alipofanikiwa kuitoa ile filamu kwenye kanda yake kuukuu, aliwapigia simu waigizaji wake wakuu waje kwake kuitazama kwenye runinga. Restituta alifunga kibanda chake cha vitenge mapema. Malale alitoka Kasansa kwa pikipiki, amempakia mkewe, Kija.

Ilikuwa filamu ya mapenzi ya kuchekesha, waliyoicheza wakiwa vijana, Malale bado mwembamba kama fito. Haikuwahi kuonyeshwa popote.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Malale alikuwa mchumba anayefika kwa wakwe akijidai mnunuzi wa ng'ombe. Hakujua kuigiza, alisimama kama nguzo, na ugumu huohuo ndio uliochekesha. Restituta, aliyekuwa binti anayeposwa, alimzunguka kwa maneno atakavyo.

"Kaka," alimwambia wakiwa kwenye benchi la stesheni, "ng'ombe wa baba umewakagua wote mpaka meno. Mimi unanikagua lini?"

Malale wa kwenye runinga akameza mate. Kija alicheka mpaka akashika mbavu.

Restituta hakucheka. Alikuwa anamtazama yule binti aliyekuwa yeye zamani: anavyonyamaza kidogo kabla ya kusema, anavyogeuza shingo taratibu. Nani alimfundisha?

Halafu filamu ikaharibika. Siku ya kupiga tukio la kuachana, Restituta alilia machozi ya kweli, na Malale akaangua kicheko mbele ya kamera. Restituta akasusa, akaapa hasimami tena na mtu yule. Ikabidi Kalisti awapige kila mmoja kivyake, huyu anaongea na mlango, yule anaongea na ukuta. Harusini, bibi harusi alimkumbatia mwanamume aliyeonekana kisogo tu, koti limembana mabegani.

"Huyu nani tena?" Kija akauliza. "Mume wangu hana mgongo huu!"

"Fundi baiskeli wa hapo jirani," Kalisti akakiri. "Nilimkodi kwa soda."

Hapo hata Restituta alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kicheko kilipotulia, Malale akasema, "Resti, siku ile sikukucheka wewe. Ulivyolia, niliona kabisa nimekuumiza. Nikachanganyikiwa, kicheko kikanitoka chenyewe."

"Nilikuja kulijua hilo baadaye."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshahamia Kasansa na ng'ombe wa baba yako. Na mimi nilikuwa nimeshaposwa."

Kija alimsogelea. "Dada, mbona hukuendelea? Wewe unajua kuigiza."

Restituta alifikiri. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, ila hata siku moja hakuwahi kumuuliza habari za filamu. "Hakuna aliyenifuata tena na kamera," akajibu.

"Nyie si bado mpo?" Kalisti akadakia. "Tuipige hiyo harusi upya!"

Malale akajipiga kitambi, akacheka. Restituta akatikisa kichwa.

"Iache hivyohivyo. Fundi alifanya kazi yake."

Malale na mkewe waliaga, maana Kasansa ni mbali. Restituta naye alishika mkoba, akafika mlangoni, kisha akarudi.

"Kaka Kalisti, nirudishie mwanzo."

Akakaa. Kalisti akairudisha filamu mwanzo. Binti alipoingia akiwa na ndoo kichwani, midomo ya Restituta ilianza kucheza pamoja na ya yule binti, neno kwa neno, na hakukosea hata moja.