Shingo ya Mama

Ukoo mzima ulimwita mtoto huyo Kasuku, kwa sababu tangu alipoanza kusema mdomo wake haukuwa na breki. Ndiyo maana aliponyamaza, mama yake, msusi mwenye saluni ya viti viwili karibu na stendi, aliingiwa na ubaridi wa moyoni.

Na haikuwa kunyamaza tu. Viganja vya mtoto viliiva wekundu, vikatoka jasho na kubambuka kama ganda la kitunguu. Akishikishwa kikombe, analia. Mchana alijificha chini ya meza akikimbia mwanga. Mama mkwe wa msusi, aliyeishi nao, alisema ni minyoo. Zahanati ikasema ni mzio. Dawa zikaisha, mtoto akazidi kukonda.

Msusi naye alikuwa na lake. Vidole vilimtetemeka. Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo, akauliza kwa upole kama mistari ile iliyopinda kama njia ya ng'ombe ndiyo mtindo mpya. Msusi alicheka naye, kisha akaenda nyuma ya pazia, akaubana mkono mmoja kwa mwingine mpaka ulipotulia. Kila akiamka, miguu imevimba. Hakumwambia mtu.

Walipokwenda hospitali kubwa, daktari alipima presha ya Kasuku, akairudia, maana ilikuwa juu kama ya mzee. Kisha akamwacha mtoto, akamtazama mama: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi.

"Dada, unajipaka nini?"

"Mafuta ya kawaida tu."

"Na mtoto?"

"Mtoto sijawahi kumpaka kitu."

Hilo la pili lilikuwa kweli, naye alirudi nyumbani akiling'ang'ania.

Jioni alijipaka krimu yake kama kawaida. Ilikuwa kwenye kopo lisilo na jina la mtengenezaji, na ilikuwa imemng'arisha hata mama mkwe akasema umeme ukikatika watamuwasha yeye. Kasuku akaja kutafuta usingizi pale alipouzoea: alimpanda mapajani, akatumbukiza uso shingoni mwa mama yake, mdomo wazi. Kasuku alipougeuza uso, msusi akaona midomo ya mtoto inameremeta kwa krimu.

Alimfuta mtoto midomo kwa maji, akamfuta tena, kisha akambeba wakatoka, mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili. Wakamkuta daktari anafunga chumba chake. Msusi akaweka kopo mezani.

"Nilikudanganya," alisema. "Ni hii. Nimemuua mwanangu?"

Daktari hakumkaripia. Alimwambia akae, akachukua mkojo wa wote wawili na krimu kidogo vikapimwe. Majibu yalipotoka, krimu ilikuwa na zebaki, na zebaki ilikuwa ndani yao: kwa mama nyingi, kwa mtoto ya kutosha kumdhuru. Daktari alieleza kwamba sumu hiyo hupenya ngozi bila harufu wala maumivu, hushika kwenye mto na taulo, na hushambulia figo na mishipa ya fahamu. Mtoto alikuwa ameilalia na kuilamba. Wangepewa dawa ya kuitoa, na watoto wengi hupona wakiwahiwa. Figo za mama zilikuwa zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo; hizo hakuahidi kwamba zingepona.

Kilichomtisha msusi zaidi ni kuambiwa asilale na mtoto mpaka nyumba isafishwe. Mumewe alitaka kuchoma godoro, daktari akakataza, kwani moshi nao ungebeba sumu. Watu wa afya wakalichukua pamoja na mito, vimefungwa kwenye mifuko. Mama mkwe naye akapimwa, alikuwa salama. Kasuku akahamia chumbani kwake, akilia mlangoni kwa mama yake ambaye hakuthubutu kufungua.

Miezi ilipita. Viganja vikaota ngozi mpya, presha ikashuka. Siku moja mtoto alimwambia bibi yake kwamba uji una mabonge, na nyumba nzima ikasimama kusikiliza. Msusi alirudi saluni, mikono imetulia kiasi, weusi wake unarudi kwa mabaka, na akiulizwa alieleza bila kuficha. Wengine walisikia, wengine walibadilisha saluni. Kliniki ya figo bado anahudhuria.

Nyumba ilipothibitishwa kuwa safi, alimtandikia Kasuku kitanda chumbani kwake. Mtoto akatazama shingo ya mama yake, akasema anataka kulala kwa bibi. Msusi hakumlazimisha. Alimbebea shuka mpaka kule.